Ukumbi wa Jamii na Jina la Msanii: Maonyesho ya Wanawake Wenyeji Asilia, New York 1985

Katika Kiswahili, neno sanaa hukumbatia ususi, ufinyanzi, uchoraji na fasihi bila kuvitenga. Katika makumbusho makubwa ya Magharibi, mambo yalikuwa kinyume kwa muda mrefu. Mchoro wa rangi uliitwa sanaa na mchoraji wake akatajwa. Kikapu au vazi la ushanga liliitwa kazi ya mikono, likaandikwa jina la kabila tu. Kwa kuwa kazi hizo zilifanywa sana na wanawake, ni majina yao yaliyopotea. Msomaji wa Kenya hatashangaa: kiondo hutambulika kuwa cha Ukambani, lakini ni nani huuliza jina la aliyekisuka?

Ni dhidi ya hali hiyo ambapo mwaka 1985 yaliandaliwa maonyesho ambayo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "Wanawake wa Majani Yanukiayo, Mierezi na Seji". Mimea hiyo mitatu hutumika katika ibada za wenyeji asilia wa Marekani. Walioyaandaa ni Jaune Quick-to-See Smith, mchoraji wa jamii za Salish na Kootenai za Montana, na Harmony Hammond, msanii mtetezi wa wanawake ambaye hakuwa mwenyeji asilia. Wasanii takriban 30, wote wanawake wenyeji asilia, walishiriki, na kazi za jadi zikawekwa pamoja na za kisasa.

Mahali penyewe panastahili kuzingatiwa. Maonyesho yalifanyika katika ukumbi wa American Indian Community House, asasi iliyoanzishwa mwaka 1969 kuwahudumia wenyeji asilia wanaoishi mjini New York. Huo haukuwa ukumbi wa matajiri. Hata hivyo, ulikuwa na kitu ambacho makumbusho makubwa hayakuwapa wanawake hawa: mamlaka ya kuchagua. Aliyeamua kipi ni sanaa alikuwa msanii mwenzao, na kila kazi ilikuwa na mwenyewe. Aidha, watazamaji wa jamii hiyo hawakuhitaji kufafanuliwa maana ya seji.

Isidhaniwe kwamba milango mingine ilifunguka papo hapo. Mchoro wa Smith wa mwaka 1992, ambao jina lake linachezea maneno ya hasira na rangi nyekundu, ulinunuliwa na National Gallery of Art ya Washington mwaka 2020. Huo ndio uliokuwa mchoro wa kwanza wa turubai wa mwenyeji asilia kuingia katika hazina ya jumba hilo. Ilikuwa imepita miaka 35 tangu maonyesho ya New York. Mwaka 2023, jumba la Whitney la New York lilionyesha kazi zake za maisha yote, naye akiwa na umri wa miaka 83. Mwaka huo huo aliandaa maonyesho katika jumba lile lile la Washington, akiwaita wasanii wenyeji asilia takriban 50, kila mmoja kwa jina lake. Smith alifariki Januari 2025.