Nyumba Iliyofitinika

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 1 Wafalme 12:1–19, Yeremia 6:14, Mwanzo 9:20–27, Filemoni, Kumbukumbu la Torati 23:15, 16, Waamuzi 20, Yeremia 34:8–17.

Fungu la Kukariri: Marko 3:25.

Juni 16, 1858, mwanasheria mmoja mrefu na mwembamba alisimama mbele ya wajumbe wa chama chake mjini Springfield, jimbo la Illinois, akayachukua maneno ya Yesu juu ya nyumba iliyofitinika na kuyaweka juu ya nchi yake. Abraham Lincoln alisema kwamba Marekani isingeweza kudumu milele nusu yake ikiwa ya watumwa na nusu yake ya watu huru. Rafiki zake walikuwa wamemwonya kwamba hotuba hiyo ingemkosesha kura, na kweli alishindwa kupata kiti cha useneta. Miaka miwili baadaye alichaguliwa kuwa rais. Kabla hajaapishwa, majimbo saba ya Kusini yalikuwa yameshajitenga. Baadaye yakafika kumi na moja.

Aprili 12, 1861, mizinga iliishambulia ngome ya Sumter katika bandari ya Charleston, na vita vya ndugu kwa ndugu vikaanza. Vilidumu miaka minne. Pande zote mbili zilikuwa na wachungaji majeshini, zilitangaza siku za kufunga na kuomba, na askari wao walibeba Biblia mifukoni. Ilikuwaje watu waliosoma Kitabu kimoja wafike mahali pale?

JUMAPILI: Shokoa

Soma 1 Wafalme 12:1–19. Watu walimwomba Rehoboamu nini? Kwa nini hakuwasikiliza wazee?

Ufalme wa Daudi haukupasuka kwa ajili ya fundisho la dini. Ulipasuka kwa ajili ya nira. Sulemani alikuwa amejenga kwa shokoa, na makabila ya kaskazini yalikuwa yamechoka. Angalia ni nani aliyetumwa na mfalme kwenda kwao baada ya jibu lake kali: Adoramu, msimamizi wa shokoa mwenyewe! Haishangazi kwamba hakurudi akiwa hai.

Katika Israeli waliojitenga ni wale waliolemewa na mzigo. Marekani ilikuwa kinyume: waliojitenga ndio walioshika mjeledi, nao walisema wanatetea uhuru wao.

Waafrika wa kwanza walifikishwa Virginia mwaka 1619. Katiba iliyoandikwa mwaka 1787 haikulitaja neno “mtumwa” hata mara moja, lakini ilimlinda mwenye watumwa. Watu watano waliokuwa utumwani walihesabiwa kama watatu katika kugawa viti vya Bunge. Uingizaji wa watumwa kutoka nje haukuweza kukatazwa kabla ya mwaka 1808. Na mtumwa aliyetoroka alipaswa kurudishwa kwa bwana wake. Wengi walidhani utumwa ungekufa wenyewe taratibu. Ndipo mwaka 1793 Eli Whitney akabuni mashine ya kuchambua pamba, na mashamba yakaenea upande wa magharibi mwaka hata mwaka. Kufikia 1860 watu karibu milioni 4 walikuwa watumwa katika nchi yenye watu milioni 31, na pamba ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya mazao na bidhaa zote ambazo Marekani iliuza nje.

Kaskazini nako mikono haikuwa safi. Pamba hiyo ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, na wafanyabiashara wa Salem wakaipakia melini hadi Unguja. Ndicho kitambaa ambacho watu wa pwani ya Afrika Mashariki walikipa jina la merikani. Misafara iliyoelekea bara ilibeba majora ya merikani ya kununulia pembe za ndovu, na mara nyingi kununulia watu pia. Jasho la mtumwa wa upande ule wa bahari liliingia katika bei ya mtumwa wa upande huu.

Wanasiasa walijaribu kupatana. Mwaka 1820 walichora mstari kwenye ramani: juu yake hapana utumwa katika nchi mpya za magharibi, isipokuwa Missouri, chini yake ruhusa. Mwaka 1850 walipatana tena. Kila mara walirudi makwao wakitangaza kwamba nchi imetulia.

Soma Yeremia 6:14. Katika mapatano hayo, ni nani ambaye hakuulizwa neno?

JUMATATU: Biblia Moja, Mimbari Mbili

Makanisa yalipasuka kabla ya taifa. Msomaji Mwadventista anaukumbuka mwaka 1844 kwa sababu nyingine, lakini katika majira ya kuchipua ya mwaka huohuo Mkutano Mkuu wa Wamethodisti ulikaa New York ukisumbuliwa na jambo la askofu mmoja. James O. Andrew wa Georgia alikuwa na watumwa, baadhi yao kwa njia ya ndoa. Mkutano uliona kwamba aache kazi ya uaskofu maadamu kizuizi hicho kipo. Wajumbe wa Kusini hawakukubali, na mwaka uliofuata walikuwa na kanisa lao. Mei 1845 Wabaptisti wa Kusini nao walikutana Augusta, Georgia, wakaunda umoja wao wenyewe, kwa kuwa walitaka mwenye watumwa aweze kutumwa kama mmisionari. Wapresbiteri wa Kusini walifuata mwaka 1861.

Mtu akiuliza ni lini vita vilianza, huenda jibu liko katika vikao hivyo zaidi kuliko katika bandari ya Charleston. Maadamu ndugu wa Georgia na ndugu wa New York walikula meza moja ya Bwana, palikuwa bado na mahali pa kukemeana. Baada ya hapo kila upande ulimsikia mhubiri wake tu.

Soma Mwanzo 9:20–27. Nuhu alimlaani nani?

Fungu hili lilikuwa nguzo ya mahubiri ya utumwa. Ilifundishwa kwamba Hamu alilaaniwa, kwamba Hamu ni baba wa watu weusi, na kwamba kwa hiyo utumwa wao ni agizo la Mungu. Andiko halisemi neno lolote juu ya rangi ya ngozi. Halimlaani Hamu pia. Linamtaja Kanaani, ambaye wazao wake walikaa katika nchi iliyokuja kuwa ya Israeli. Yeyote anayejua kusoma angeweza kuliona hilo kwa dakika moja. Lakini fundisho lenye faida halikaguliwi sana, na hata leo “laana ya Hamu” hutajwa katika vikundi vingine vya kujifunza kana kwamba imeandikwa.

Waefeso 6:5 ilihubiriwa mara nyingi. Kutoka 21:16, inayompa adhabu ya kifo mwizi wa watu, ilirukwa. Waraka kwa Filemoni ulipendwa sana, kwa sababu Paulo alimrudisha Onesimo kwa bwana wake. Wahubiri walisoma hadi aya ya 12, wakafunga kitabu.

Endelea kusoma Filemoni, aya ya 15 hadi ya 19. Kama Filemoni alifanya yote aliyoombwa, ni nini kilichobaki cha utumwa wa Onesimo?

Wenye watumwa wenyewe walijua hatari ya Biblia nzima. Mwaka 1807 ilichapwa London Biblia ya watumwa wa visiwa vya Karibiani iliyoondolewa sehemu kubwa ya Agano la Kale, pamoja na habari ya Israeli kutoka Misri. Katika majimbo mengi ya Kusini kumfundisha mtumwa kusoma kulikuwa kosa kisheria. Hata hivyo, usiku, vichakani, mbali na masikio ya msimamizi, watumwa walikusanyika kuomba, na habari za Musa hazikuwa ngeni kwao.

JUMANNE: Mtoro Mlangoni

Soma Kumbukumbu la Torati 23:15, 16. Mtumwa aliyekimbia alipaswa kutendewaje katika Israeli?

Sheria ya mwaka 1850 iliamuru kinyume chake. Raia yeyote, hata wa jimbo huru, aliweza kuitwa asaidie kumkamata mtoro. Aliyemficha au kumsaidia aliweza kutozwa faini hadi dola 1,000 na kufungwa hadi miezi sita. Aliyekamatwa hakuruhusiwa kujitetea kwa ushuhuda wake mwenyewe. Ofisa aliyesikiliza kesi alilipwa dola 10 akimrudisha mtu utumwani, na dola 5 akimwachilia. Walioitetea sheria walisema ni kwa sababu ya wingi wa makaratasi!

Hapo Mkristo wa Kaskazini hakuweza tena kusema kwamba utumwa ni jambo la watu wa mbali. Ulikuwa umebisha mlangoni kwake. Harriet Tubman, aliyetoroka Maryland mwaka 1849, alirudi huko mara kadhaa kuwatoa wengine, na kutokana na sheria hii ilimlazimu kuwafikisha hadi Kanada. Njiani alihitaji watu wa kufungua mlango usiku.

Waanzilishi wa Waadventista Wasabato walikuwa na msimamo hapa. Joseph Bates alikuwa amesaidia kuanzisha chama cha kupinga utumwa mjini kwake Fairhaven, Massachusetts. John Byington aliwaacha Wamethodisti kwa sababu ya utumwa, na historia ya kanisa inamkumbuka kama mtu aliyewapokea watoro nyumbani kwake kaskazini mwa New York. Mwaka 1859 Ellen White aliwaandikia waumini kwamba sheria ya kumrudisha mtumwa haipaswi kutiiwa, na kwamba wawe tayari kubeba matokeo yake. Ushauri huo haukuwa mwepesi kwa kundi dogo lisilo hata na jina rasmi, ambalo lingefurahi kuachwa na serikali likae kwa amani.

Linganisha Warumi 13:1–7 na Matendo 5:29. Waumini hao waliheshimu serikali kwa njia gani hata walipokataa kuitii?

JUMATANO: Ndugu Yangu Benyamini

Soma Waamuzi 20:12–28. Kwa nini Benyamini alikataa kuwatoa wenye hatia? Na kwa nini Israeli, waliokuwa na haki, walipigwa mara mbili?

Hii ni moja ya sura za huzuni kuliko zote katika Biblia. Dhambi ya Gibea ilikuwa ya kutisha, na kabila zima likaamua kuilinda kwa kuwa ilitendwa na watu wao. Lakini hata waliokwenda kuiadhibu walianguka 22,000 siku ya kwanza na 18,000 siku ya pili. Walilia, wakafunga, wakauliza tena.

Kaskazini ilianza vita ikidhani vingeisha kwa miezi michache. Julai 1861, katika mapigano makubwa ya kwanza huko Bull Run, majeshi yake yalikimbia kuelekea Washington. Wakati huo serikali ilisema inapigania umoja wa nchi, si uhuru wa mtumwa. Agosti 3, 1861, huko Roosevelt, New York, Ellen White alipewa njozi juu ya vita hivi: Kusini iliadhibiwa kwa dhambi ya utumwa, na Kaskazini kwa kuuvumilia muda mrefu. Lincoln, katika hotuba yake ya Machi 4, 1865, alifika karibu na wazo hilohilo.

Mapigano ya Antietam, Septemba 17, 1862, yaliacha watu karibu 23,000 wakiwa wameuawa, kujeruhiwa au kutoonekana, kwa siku moja. Januari 1, 1863, Lincoln alitangaza watumwa katika maeneo yaliyoasi kuwa huru, na wanaume weusi wapatao 180,000 wakaingia jeshi la Kaskazini. Vita vilipokwisha katika majira ya kuchipua ya 1865, waliokufa walikadiriwa kuwa 620,000; hesabu za karibuni zinafika 750,000. Wengi zaidi waliuawa na magonjwa kuliko risasi.

Katikati ya hayo, Mei 1863, Konferensi Kuu iliundwa huko Battle Creek, Michigan, ikiwa na waumini wapatao 3,500, na John Byington akawa rais wake wa kwanza. Swali la kuandikishwa jeshini liliwakabili mara moja. Waliuchukia utumwa, na walishika amri ya sita na ya nne. Mwaka 1864 serikali iliwatambua kuwa watu wasiobeba silaha.

Soma Waamuzi 21:1–3. Washindi walilia. Kilio hicho kinaonyesha nini kuhusu ushindi wao?

ALHAMISI: Uhuru Uliotwaliwa Tena

Soma Yeremia 34:8–17. Ni nini kilichowafanya wakuu wa Yuda wawaachilie watumwa wao, na ni nini kilichowafanya wawarudishe?

Babeli ilikuwa imezingira mji. Chini ya hofu hiyo Sedekia alifanya agano, na watumwa Waebrania wakaachwa huru. Kisha jeshi la Wakaldayo likaondoka kwa muda (Yeremia 34:21, 37:5), na hofu ikaondoka pamoja nalo. Watu wakarudishwa utumwani. Bwana aliwajibu kwa maneno machungu: naye angewatangazia uhuru, uhuru wa kuangukia upanga, tauni na njaa.

Desemba 1865 utumwa ulikomeshwa katika Katiba ya Marekani, isipokuwa kama adhabu ya kosa la jinai. Kifungu hicho kidogo kilitosha. Mwaka huohuo majimbo ya Kusini yalianza kutunga sheria zilizomfanya mtu mweusi asiye na mkataba wa kazi kuwa mhalifu. Alikamatwa, akatozwa faini asiyoweza kulipa, akakodishwa shambani. Bunge lilipambana na sheria hizo kwa miaka kadhaa. Kisha mwaka 1877 wanajeshi wa serikali waliokuwa wakilinda haki hizo waliondolewa kazini huko Kusini, kwa mapatano ya wanasiasa. Kwa mara nyingine nchi ilitangaziwa utulivu.

Wamethodisti wa Kaskazini na Kusini waliungana tena mwaka 1939, baada ya miaka zaidi ya tisini. Katika muungano huo makanisa ya waumini weusi yaliwekwa kando, katika tawi lao peke yao.

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Yakobo 5:1–6 na Isaya 58:1–7. Angalia kwamba katika Isaya watu wanaokemewa wanafunga, wanaomba na wanatafuta kumkaribia Mungu.

Maswali ya Kujadili

1. Wahubiri wa Kusini hawakuikana Biblia, waliitumia. Darasani, tajeni njia ambazo mtu anaweza kutambua kwamba anasoma Andiko ili kulinda faida yake.

2. Je, kanisa lifanye nini likiona kwamba kusema wazi kutaligawa? Tumieni habari ya Wamethodisti wa 1844, na pia Matendo 15.

3. Baada ya kumrudishia Onesimo kwake, Paulo alimwomba Filemoni amwandalie chumba (Filemoni 22). Kwa nini alitaka kuja kuona?

4. Fikirini juu ya anayefanya kazi za ndani katika nyumba ya mshiriki: mshahara wake, saa zake za kulala, Sabato yake, mahali anapokula. Kama angeombwa aje kuongoza mjadala wa somo hili mbele ya mwajiri wake, angeanzia wapi?