Mwite msambazaji kabla stoo haijakauka

Mashine mpya ya kupima damu ilikaa maabara miezi miwili ikiwa imefunikwa shuka. Hospitali niliyokuwa nikifanyia kazi ilikuwa imeilipia, fundi ameifunga, umeme upo. Vitendanishi ndivyo havikuwepo. Mashine hiyo hupokea vya mtengenezaji wake tu, na msambazaji wake alisikia habari zetu siku tulipompigia simu kuomba mzigo wa haraka. Wagonjwa wakawa wanatumwa kupima mtaani.

Mkoa wa Dodoma ulianza kushughulikia tatizo la aina hii mwaka 2014. Kabla ya hapo, kituo kikikosa dawa Bohari ya Dawa (MSD), kilihangaika chenyewe madukani. Mkoa ukaunganisha mahitaji ya vituo vyake na kumpata mshitiri mmoja, yaani msambazaji aliyeteuliwa kwa zabuni, ajaze pale MSD inapopungukiwa. Mfumo huo, Jazia, ulifika Morogoro na Shinyanga, kisha nchi nzima. Mshitiri anajua mapema atahudumia vituo gani, kwa bidhaa zipi na kwa bei gani.

Hospitali moja nayo inaweza kuanza na leja yake. Msambazaji anahitaji maoteo ya mwaka, na maoteo hudanganya yasipopigiwa hesabu vizuri. Tuseme dawa fulani ilitoka makopo 90 kwa mwaka, lakini kwa miezi mitatu rafu ilikuwa tupu. Makopo hayo yalitumika kwa miezi tisa, yaani 10 kila mwezi. Mahitaji halisi ni 120. Anayeagiza 90 amejipangia upungufu mwingine.

Hatua ya pili ni kikao, kabla zabuni haijatangazwa. Wasambazaji wote waalikwe kwa uwazi na muhtasari uandikwe. Kumwita mmoja faragha ni kuanza upendeleo. Mfamasia aulize mzigo huchukua siku ngapi kufika, na nani atalinda ubaridi njiani. Sindano ya oksitosini, inayozuia mama kuvuja damu baada ya kujifungua, hutunzwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Ikipigwa na joto hupoteza nguvu.

Mhasibu naye awepo. Msambazaji anayedai ankara za mwaka jana hatakimbilia kuleta mzigo wa mwaka huu.

Na wewe unayesubiri kusaini ununuzi wa mashine wiki hii, uliza kwanza: vitendanishi vyake anauza nani, na vitafika lini?