Willy Gamba na Adui Asiyejitangaza

Willy Gamba, mpelelezi wa riwaya ya Elvis Musiba, Kufa na Kupona (1974), hangoji adui ajitangaze. Tena anajua anachokilinda, yaani ukombozi wa Afrika. (Unywaji wake wa pombe usiigwe.) Shinikizo la juu la damu nalo mara nyingi halijitangazi. Mkulima wa Mgeta ashukaye milima ya Uluguru hadi Morogoro kufuata dawa, akiziacha kwa kujihisi mzima, kiharusi chaweza kumkuta shambani. Kujijua, kwake, ni kukijua kipimo chake: 140/90 au zaidi, kikijirudia siku tofauti, ni ugonjwa. Mhudumu naye, badala ya kukaripia, amwulize anataka nguvu zake zimfae nani. Jibu, liwe mjukuu au bustani ya njegere, liandikwe pembeni mwa kadi ya kliniki.