SOMO: Kuwasaidia Vijana wa Sayansi Bila Kuwafanyia Kazi



Somo hili lisomeni kwa sauti mkiwa pamoja, kisha mlijadili. Linahusu ombi ambalo vikundi vyetu vya Thika na Ruiru hulipata hasa muhula wa kwanza: "Njooni mtusaidie na mradi wa sayansi." Tukisikia hivyo wengi wetu tunatia mkono mfukoni, tunatoa mchango, basi. Mchango ni mzuri, lakini ndio sehemu rahisi. Kinachokosekana zaidi ni mtu mzima wa kukaa na vijana Jumamosi baada ya Jumamosi.

Waliosoma zamani wanalikumbuka Kongamano la Sayansi la shule za upili. Siku hizi ni Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya Kenya, kwa kifupi KSEF. Wanafunzi huonyesha mradi wao shuleni kwanza, na wakifaulu wanapanda ngazi kwa ngazi hadi taifa. Mwaka 2019 wasichana wawili wa M-Pesa Foundation Academy, hapa hapa Thika, walifika Phoenix, Marekani, na kifaa cha kuwawezesha wasioona na wasiosikia kupima vitu. Walirudi na tuzo. Mtaona kwamba walianza na shida ya mtu, si na mashine.

Sasa niwaambie kosa langu. Mimi ni fundi wa redio. Mwaka mmoja vijana wawili wa shule ya jirani waliniletea wazo la king'ora cha tangi: maji yakijaa, kilie, ili mama asimwage maji akiwa shambani. Wazo lilikuwa lao na lilikuwa zuri. Lakini siku zilikuwa zimebaki chache, na mkono wao wa kuchomelea risasi ulikuwa mzito. Usiku wa mwisho nikawaambia, "Leteni hapa." Nikamaliza mwenyewe.

Kifaa kililia vizuri sana mbele ya mwamuzi. Kisha akauliza, "Hii transista ni ya nini? Kwa nini waya mbili za kwenye maji zisiende moja kwa moja kwa king'ora?" Vijana wakanyamaza. Wakageuka kuniangalia mimi, niliyekuwa nimesimama mlangoni.

Jibu si gumu. Maji ya mfereji hupitisha umeme, lakini kidogo mno, hautoshi kuliza king'ora. Umeme ule mdogo kazi yake ni kuifungua transista, nayo iruhusu umeme mwingi wa betri upite. Ni kama mtoto anayefungua koki ya bomba kubwa. Wangeweza kulielewa kwa nusu saa kama ningewaacha waunganishe bila transista, waone king'ora kikikataa kulia, wajiulize kwa nini. Mimi niliwanyima ile nusu saa. Kwenye matatu tukirudi, mmoja akasema, "Fundi, sisi tulikuwa wabebaji tu." Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana sijasahau.

Tangu hapo nina sheria moja: mikono yangu nyuma. Naruhusiwa kuuliza, naruhusiwa kuonyesha kwa kifaa kingine, lakini cha kwao sikigusi.

Msiseme hamna elimu ya kusaidia. Chukueni kikapu cha kupikia bila moto, ambacho akina mama wengi wanakijua. Waulize vijana: kipi huhifadhi joto zaidi, nyasi kavu, vitambaa au majani makavu ya mgomba? Hapo mna mradi. Tafuteni vikapu vinne vya ukubwa mmoja na sufuria nne za aina moja. Vitatu vijazwe, kila kimoja kitu chake. Cha nne kibaki kitupu ili kuwe na cha kulinganisha. Kila sufuria itiwe lita mbili za maji yaliyochemka na ifunikwe. Kila baada ya saa moja vijana wapime kwa kipimajoto na waandike. Mama anayejua kikapu atataka kuwaambia jibu. Ajizuie! Kazi yake ni kuuliza, "Mbona hiki mmekiweka juani na kile kivulini?" Wakibadilisha vitu viwili kwa pamoja hawatajua kipi kilicholeta tofauti. Na jibu likija tofauti na walivyotarajia, liandikwe hivyo hivyo.

Wanaolima kahawa nao wana la kusimulia. Aina ya Ruiru 11 ilitolewa kwa wakulima mwaka 1985 kutoka kituo cha utafiti kilicho hapa Ruiru, baada ya kazi ya miaka mingi, ili istahimili chule buni na kutu ya majani. Mpelekeni mzee anayekumbuka jinsi matunda yalivyokuwa yakioza meusi mtini, na gharama ya kupulizia dawa. Kijana anayeona jina la mji wake kwenye mche hatadhani tena kwamba sayansi hufanywa ng'ambo tu. Na chuo kikuu cha JKUAT kiko Juja, katikati yetu. Kikundi kikikosa mtu wa hesabu, mwanafunzi wa uhandisi anaweza kuombwa.

Msisahau madarasa ya chini. Tangu 2023 Gredi ya 7 husomea kwenye shule za msingi, na nyingi hazikujengewa maabara. Huko hata mizani ya jikoni ni msaada.

Kabla ya kwenda, muoneni mwalimu mkuu, mpate ruhusa yake. Nendeni wawili, na mtu mzima asibaki peke yake na mtoto. Tumieni betri, stima ya ukutani iachwe kabisa. Na msiahidi kila wiki kama mtaweza mara moja kwa mwezi. Vijana huhesabu siku.

Ya kujadili: Katika kikundi chetu, nani anajua kazi gani ya mikono? Tumewahi kumfanyia mtoto kazi iliyokuwa yake? Ilikuwaje? Na Jumamosi ijayo, ni wawili gani watakaokwenda kumwona mwalimu mkuu?