Mvutaji sigara, jihadhari na tembe za mwani

JUZI alinijia dereva mmoja wa matatu, umri wake miaka hamsini na kitu, akikohoa. Mfuko mmoja ulikuwa na pakiti ya sigara, wa pili chupa ya tembe nyekundu. "Daktari, hizi ndizo zinanilindia mapafu," akaniambia.

Nilisoma kibandiko: beta-karotini kutoka kwa mwani uitwao Dunaliella salina.

Huu ni mwani wa kijani, mdogo hata hauonekani bila hadubini, na huishi katika maji ya chumvi nyingi. Jua likiwa kali na chumvi ikizidi, hujitengenezea beta-karotini ya kujikinga, ukageuka rangi ya machungwa. Ukikaushwa, kitu hicho chaweza kufika sehemu moja kwa kumi ya uzito wake. Ndiyo maana Australia huufuga katika mabwawa makubwa, kama yale ya Hutt Lagoon, kwa ajili ya viwanda vya vyakula na tembe. Mwenzake, Haematococcus, hutoa astaksanthini, ambayo samoni wa kufugwa hulishwa ili nyama yao iwe ya waridi.

Vitu hivi huitwa antioksidanti. Moshi wa sigara huleta mwilini chembe kali zinazoharibu seli, nazo antioksidanti huzituliza. Basi wataalamu walidhani beta-karotini ingemkinga mvutaji na saratani ya mapafu. Huko Finland waliwajaribu wanaume 29,133, wote wavutaji. Matokeo yalipotolewa 1994, waliomeza miligramu 20 kwa siku walikuwa wamepata saratani hiyo zaidi ya wenzao, kwa asilimia 18. Utafiti mwingine, wa Marekani, ulikatizwa 1996 kwa sababu iyo hiyo.

Muuzaji atakuambia ile ilitengenezwa kiwandani, yake ni ya asili. Ni kweli. Lakini muulize ni wapi ilipothibitishwa kwamba ya asili ni salama kwa mvutaji. Mimi sitakushauri ujaribu kwa mapafu yako.

Karoti, maembe na sukuma wiki endelea kula. Hayo si ya kuogopwa. Nazungumzia dozi kubwa ya tembe.

Dereva yule nilimwandikia eksirei ya kifua na kupimwa makohozi, maana kikohozi cha zaidi ya wiki mbili lazima kichunguzwe kama ni kifua kikuu. Chupa aliniachia mezani. Sigara aliondoka nazo, na Jumatatu akirudi tutazizungumzia.