Dondoo muhimu: Mstaafu, kabla hujahama Igogo

Kushuka mawe ya mlima wa Igogo, Mwanza, ukiwa na miaka 35 ni mazoezi. Ukiwa na 65, magoti yanadai. Ndiyo maana apatimenti ya Capri Point au Nyegezi inavutia. Lakini kabla hujalipa:

• Pensheni ya PSSSF huingia kila mwezi, ilhali wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita kwa mpigo. Usikimbilie kuchota kiinua mgongo. Kwa miezi mitatu, ukiwa bado hapo hapo ulipo, weka pembeni tofauti ya kodi ya sasa na ile mpya. Ukiigusa hata mara moja, iwe ada ya mjukuu au msiba, basi bei hiyo haikufai.

• Kaikague apatimenti mchana, urudi usiku. Fungua bomba. Ghorofa ya tatu bila lifti ni mlima ule ule, umepakwa rangi tu.

• Piga hesabu ya nauli ya kliniki. Kutoka Igogo, Hospitali ya Bugando ni jirani; kutoka huko uendako, je?

• Asubuhi usipoonekana, nani atakugongea mlango?

• Kama nyumba ya Igogo ni yako, ipangishe mwaka mmoja kwanza. Usiiuze.