Hita ya Gari Inapopuliza Hewa Baridi

Swali: Hita ya gari hupuliza hewa baridi asubuhi za Juni mkoani Njombe, ingawa feni inafanya kazi. Kasoro iko wapi?

Jibu: Hita hutumia joto la injini: kulanti, yaani maji ya kupozea injini, hupita katika rejeta ndogo nyuma ya dashibodi, na feni hupuliza hewa kupitia mapezi yake. Uchunguzi huanza injini ikiwa imepoa, kwa kukagua kiwango cha kulanti, kwani mfuniko wa rejeta ukifunguliwa ungali moto huweza kumbabua fundi. Injini ikishapata moto, mipira miwili ya hita hushikwa kwa tahadhari. Yote ikiwa vuguvugu na mshale wa joto ukibaki chini, huenda themostati, yaani vali inayozuia kulanti isiende kwenye rejeta kubwa kabla ya wakati, imekwama ikiwa wazi. Mmoja ukiwa moto na mwingine baridi, rejeta ndogo imeziba au vali yake haifunguki. Yote ikiwa moto, hushukiwa kilango kinachochanganya hewa. Zulia likilowa kulanti, rejeta ndogo inavuja, na dawa yake ni kuibadilisha.